Mguu Nao Unachimba Njia

Ukikaa na wapanda milima wanaoshuka Voi wikendi, wakitoka Nairobi au Mombasa kwenda Vuria, Ngangao au Kasigau huku Taita, kuna kauli itakayotoka kabla chai haijapoa: baiskeli zisikanyage msituni. Wote wataitikia amina. Baiskeli, watasema, inachimbua udongo, inatimua ndege, inaweza kumvunja mtu mguu. Sisi tunaotembea hatuachi kitu ila nyayo. Nimeisikia kauli hii mara nyingi, na kila nikiisikia naona majivuno yaliyovishwa kanzu ya uhifadhi.

Hizo nyayo ndizo tatizo. Nenda Ngangao mwezi wa Aprili, ukungu umeshuka, udongo mwekundu umelainika kama unga wa chapati, halafu lipite kundi la watu arobaini na spika yao ya muziki. Mtu wa kwanza anakanyaga tope. Wa pili hataki viatu vyake vichafuke, anapita kando. Wa tatu anapita kando ya huyo wa pili. Kufikia wa arobaini, kijia cha mtu mmoja kimekuwa barabara, na miche iliyokuwa ikichipua pembeni imelala chini. Penye kona wapo wasio na subira, wanaokata moja kwa moja kuteremka, na mvua inayofuata inaipenda sana hiyo njia ya mkato. Msimu ukiisha, palipokuwa na njia pana korongo. Hakuna aliyepita hapo na gurudumu.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1994 John Wilson na Joseph Seney walichapisha utafiti walioufanya katika milima ya Montana, Marekani. Walipitisha farasi, watembea kwa miguu, pikipiki na baiskeli kwenye njia za mlimani, kisha wakapima udongo uliolegea. Kwato na nyayo zililegeza udongo mwingi kuliko magurudumu. Mwaka 2001 Eden Thurston na Richard Reader, huko Ontario, Kanada, walipitisha watu na baiskeli hadi mara 500 kwenye vipande vya msitu ambavyo havikuwa na njia, wakalinganisha mimea iliyokufa na udongo uliobaki wazi. Tofauti ya maana kati ya mguu na tairi hawakuiona. Najua atakayenijibu kwamba Ontario si Wundanyi ya Taita, na kwamba kijana anayeteremka kwa kasi huku gurudumu la nyuma limefungwa breki anakwangua kuliko mtu wa majaribio. Ni kweli. Lakini anayetaka kumfungia mwenzake mlango ndiye anayedaiwa ushahidi, na ushahidi uliopo haumtetei mtembezi hata kidogo.

Tuulize basi ni nini hasa kilichokula misitu ya Taita. Petri Pellikka wa Chuo Kikuu cha Helsinki na wenzake walilinganisha picha za kutoka angani, wakakuta kwamba kati ya 1955 na 2004 karibu nusu ya msitu wa asili ilipotea, ingawa ukihesabu miti yote kwa jumla eneo la msitu halikubadilika sana. Yaani miti ya asili ilitoka, mikaratusi na misonobari ikaingia. Mashamba yalipanda mlima, mbao zikashuka. Kilichobaki ni viraka: Mbololo, Ngangao ambayo haizidi sana hekta 120, Chawia, na vingine vidogo zaidi. Katika viraka hivyo ndimo anamoishi Turdus helleri, ndege mwenye mdomo wa rangi ya chungwa anayechakura majani makavu sakafuni mwa msitu, na ambaye duniani kote hapatikani nje ya milima hii. Huko Mbololo ndiko liliko ua la Saintpaulia teitensis, nalo halioti porini mahali pengine popote. Viumbe hawa walifikishwa ukingoni na shoka, jembe na sera za kupanda miti ya kigeni. Kuwalaumu waendesha baiskeli wachache kwa hasara ya nusu karne ni kumtafuta mwizi palipo na mwanga badala ya pale alipoibia.

Na si huku tu. Karura, pale Nairobi, leo watu wanatembea, wanakimbia na kuendesha baiskeli ndani ya msitu mmoja, na msitu upo. Uliponusurika kuangamia miaka ya 1990, adui alikuwa hati za ardhi zilizogawiwa wakubwa. Mwanamazingira Wangari Maathai alipigwa na wahuni mwaka 1999 akipinga unyakuzi huo. Katika hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, mgeni hukodi baiskeli langoni akapita katikati ya pundamilia.

Turudi Taita. Mkulima wa Werugha angetucheka tukimletea ugomvi huu. Yeye anajua kinachobomoa mlima ni maji yaliyoachwa yateremke yanavyotaka. Ndiyo maana shamba lake lina matuta, na ndiyo maana Wadawida, wenyeji wa milima hii, walichimba mifereji ya kumwagilia vizazi vingi kabla ya kuja kwa mtaalamu yeyote, wakayapitisha maji ubavuni mwa mlima kwa mteremko wa taratibu. Njia ya msituni inataka akili hiyohiyo: izungushwe badala ya kuteremka wima, ikatwe vijifereji vya kutoa maji pembeni, iwekewe mawe panapotota. Njia ya namna hiyo itabeba mguu na itabeba tairi. Isiyo hivyo itakufa hata ikipitwa na watawa.

Kosa halisi la baiskeli ni kasi. Kijia cha Taita ni chembamba, kona haionyeshi kilicho mbele, na anayekuja huenda ni mtoto wa shule au bibi mwenye ndoo kichwani. Hapo sina huruma na mwendeshaji: apunguze, apige kengele, ashuke asukume. Gurudumu limpishe mguu, bila mjadala.

Ila sheria hiyo isiishie pale inapotufaa sisi. Nimewaona watembezi wa burudani wamejipanga njia nzima wakipiga picha, na mama mwenye mzigo wa kuni amesimama anangoja wamalize kutabasamu. Anayebeba mzigo ndiye mwenye njia. Akishapita yeye, ndipo sisi tuanze kubishana kuhusu viatu na magurudumu. Wote wawili tu wageni pale.

Wazee wa Kidawida walikuwa na fighi, misitu mitakatifu ambayo mtu hakuingia ovyo wala kukata mti wake. Mkosaji alijulikana kwa alichokitenda mle ndani, na sidhani kama mwenye kutembea kwa miguu angeponea hapo.

Kwa hiyo pendekezo langu halitawafurahisha wenzangu wa viatu. Shirika la Huduma za Misitu la Kenya na vyama vya jamii vya uhifadhi, ambavyo sheria ya misitu ya 2016 inavitambua, viwaweke watembezi na waendesha baiskeli katika kanuni moja. Makundi yawe madogo, na spika ibaki kwenye matatu. Sehemu ya ada ya kiingilio iwalipe vijana wa vijiji vya jirani kuchimba vijifereji na kuziba njia za mkato. Mvua za masika na za vuli zikikolea, miteremko mikali ifungwe kwa wote, mwenye viatu vya elfu kumi na mwenye baiskeli ya laki mbili sawasawa. Mama mwenye kibali cha kuni apite.