Tuwape Fangasi Mkonge Kwanza

Katika msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena, gogo la mkulo lililoanguka huliwa polepole na fangasi wa uozo mweupe. Lignini, kitu kinachoupa mti ugumu wake, huwashinda viumbe wengi, ila si fangasi hawa. Haina umbo moja linalojirudia, hivyo vimeng'enya vya kuivunja havina budi kushambulia bila kuchagua sana. Kwa sababu hiyo, mwaka 1985 watafiti wa Marekani walipoonyesha kwamba fangasi aitwaye Phanerochaete chrysosporium huvunja hata sumu ya wadudu ya DDT, tamaa ilizuka: fangasi watusafishie udongo wenye sumu.

Tamaa hiyo inaigusa wilaya ya Same. Kati ya 1955 na 1959, Mradi wa Malaria wa Pare-Taveta, chini ya wataalamu wa kituo cha utafiti wa malaria cha Amani, ulipulizia dieldrin, sumu ya kuua wadudu, kwenye kuta za nyumba za tambarare hizi na za Taveta, ng'ambo ya mpaka. Malaria ilipungua sana, na hilo tusilibeze. Lakini dieldrin hung'ang'ania udongo kwa miaka mingi, na mwaka 2001 ilitajwa miongoni mwa sumu 12 za kwanza za Mkataba wa Stockholm. Nyumba ya udongo nayo ikibomoka, ukuta wake hurudi ardhini.

Basi tuagize fangasi? Mimi sishauri. Fangasi yuleyule wa DDT alipojaribiwa kwa dieldrin aliambulia kidogo mno. Baadaye watafiti wa Japani walipata fangasi wa jamii ya Phlebia wanaoibadilisha, ila hiyo ilikuwa maabara. Fangasi wa magogo akimwagwa kwenye udongo mkavu wa Makanya, bila ubao wa kula wala unyevu wa kutosha, vijidudu wenyeji watamzidi nguvu. Isitoshe, sumu iliyobadilika si lazima iwe imekwisha. Fedha ikipatikana, itangulie kupima udongo wa mahame ya zamani. Dawa haitangulii kipimo.

Kazi ambayo fangasi wanaiweza ipo karibu zaidi: makapi ya mkonge. Singa zinazotoka kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani la mkonge. Yanayobaki ni maji na makapi, ambayo yakilundikwa hunuka na kuchafua mito. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuza uyoga wa kuliwa juu ya makapi hayo, na wametumia fangasi kuyalainisha kabla ya kuzalisha biogesi. Hapo hatubahatishi.

Ugumu upo: uyoga unataka kivuli, maji na mbegu safi, na tambarare za Same hazina maji ya kuchezea. Ndiyo maana mzigo wa kwanza usiwaangukie akina mama wa vikundi vya kukuza uyoga peke yao. Mwenye korona ndiye mwenye makapi na mwenye maji ya kuoshea singa. Halmashauri ianze mazungumzo naye.