Madaraja ya faiba yatatufaa, lakini si dawa ya uzembe

KILA mvua inaponyesha, kuna Wakenya wanaosimama kando ya mito wakikisia kina cha maji. Desemba 2021, basi lililokuwa likiwapeleka watu harusini lilisombwa na Mto Enziu, Kaunti ya Kitui, na zaidi ya watu 30 wakaangamia. Kwa hivyo, suala la jinsi madaraja yanavyojengwa si la wahandisi pekee.

Katika mataifa kadhaa, baadhi ya madaraja sasa hujengwa kwa nyuzi za kioo au za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi ya plastiki badala ya chuma na saruji. Wavuvi wa Pwani wanaijua nyenzo hii, kwani ni jamii moja na faiba inayoundiwa boti. Mnamo 1992, daraja la watembeao kwa miguu lenye urefu wa mita 113 lilijengwa kwa nyenzo hiyo juu ya Mto Tay huko Aberfeldy, Scotland. Mnamo 2002, daraja la magari la aina hiyo lilijengwa West Mill, Uingereza, katika barabara ya umma.

Sifa yake ya kwanza ni wepesi. Uzito wake ni takriban robo ya ule wa chuma cha ujazo sawa, hivyo vipande vyake vyaweza kufikishwa mahali ambapo kreni haiwezi kufika. Sifa ya pili ni kwamba haishiki kutu. Kutu hula vyuma vilivyo ndani ya saruji pasipo mtu kuona, na penye chumvi ya bahari huenea upesi zaidi. Daraja la Morandi mjini Genoa, Italia, lilipoporomoka Agosti 2018 na kuua watu 43, wataalamu waliochunguza walipata nyaya za chuma zilizoliwa na kutu ndani ya saruji.

Hata hivyo, nyenzo hii ina dosari zake. Bei yake huwa juu. Nyuzi za kioo hunepa chini ya mzigo kuliko chuma, na zikielemewa hukatika ghafla, ilhali chuma hupinda kwanza na kutoa onyo. Moto nao hulainisha gundi inayozishikilia.

Isitoshe, nyenzo mpya haiwezi kufidia usimamizi mbovu. Juni 2017, daraja la Sigiri huko Budalang'i, Kaunti ya Busia, liliporomoka kabla ya kukamilika. Chuma na saruji si vitu vigeni kwa wahandisi wetu, lakini maswali yalizuka kuhusu jinsi kazi hiyo ilivyosimamiwa. Je, tutakagua vipi nyenzo ambayo wengi hawajawahi kuishika?

Busara ni kuanza na madaraja madogo ya miguu, hasa vijijini ambako watoto huvuka mito wakienda shuleni. Vyuo vikuu vyetu vipewe fedha za kuyapima chini ya jua na mafuriko yetu, na viwango vya ujenzi viandikwe kabla ya zabuni kutangazwa. Kadhalika, kila bajeti itenge pesa za ukaguzi na ukarabati. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na penye mto, anayelipia ukuta huo ni mwananchi anayevuka.