Gari la safari ya Kwaraa linataka shokapu kabla ya kunyanyuliwa

Februari 2025 Simba ilitoka sare ya 1-1 na Fountain Gate pale Tanzanite Kwaraa, Babati. Mpaka leo ukitaja mechi hiyo kijiweni Balangdalalu, utaambiwa habari za Ladaki Chasambi na ile pasi ya nyuma iliyompita kipa wake, Moussa Camara, ikaenda wavuni. Shabiki wa Yanga atakusimulia huku anacheka. Wa Simba atakuomba mbadilishe mada.

Kinachosimuliwa mara chache ni safari ya kurudi nyumbani. Watu saba ndani ya gari la watu watano, buti limejaa, nyuma kumebonyea mpaka taa za mbele zinamulika juu ya miti. Mpira umeisha, kiza kimeingia, na roho saba ziko mikononi mwa shokapu ambazo mwenye gari hakumbuki mara ya mwisho zilibadilishwa lini.

Tangu Fountain Gate ilipohamia Babati msimu wa 2024/25, Ligi Kuu imesogea mlangoni kwa watu wa Hanang na Mbulu. Zamani kumuona staa wa Simba au Yanga kwa macho ilikuwa mpaka ufunge safari ya mbali. Sasa ni kutoka kijijini asubuhi, kuikamata lami inayotoka Singida kwenda Babati, na saa nane mchana uko mjini unatafuta pa kula. Ni neema kubwa kwa mashabiki wa Manyara. Ila neema hiyo inabebwa na magari madogo ya familia, zile Corolla, Carina na Premio ambazo katikati ya wiki zinapeleka watoto shule na kurudi na gunia la maharage.

Fasheni iliyopo sasa ni kunyanyua. Fundi anaweka spesa, vile vipande vya raba au chuma vinavyokaa kwenye springi, gari linapanda juu, mwenye gari anatoka gereji kifua mbele. Na sababu anayo. Ukiacha lami, malori ya mazao yamechimba mifereji miwili ya matairi, katikati limebaki tuta ambalo kazi yake ni kukwangua sampo. Masika udongo mweusi unageuka uji, kiangazi ni vumbi na mashimo. Anayemcheka mtu wa Balangdalalu kwa kunyanyua gari hajawahi kuendesha huko.

Kosa ni kuishia hapo. Gari lililonyanyuliwa juu ya shokapu zilizokufa ni sawa na timu iliyosajili straika wa bei mbaya huku haina kiungo mkabaji. Picha za mitandaoni zitapendeza, ila mechi ya kwanza ngumu itakufungwa nne.

Wengi wanadhani shokapu ndiyo inayobeba gari. Sivyo. Anayebeba uzito ni springi. Springi ikikanyaga shimo inajikunja, halafu inataka kujirudisha kwa nguvu zote, na ikiachwa peke yake itaruka juu chini, juu chini, kama mpira uliodondoshwa sakafuni. Shokapu kazi yake ni kumtuliza springi, na mafuta yaliyo ndani yake ndiyo yanayomeza ule mruko. Kazi yake haishangiliwi na mtu, kama kazi ya namba sita, lakini siku hayupo uwanja mzima unajua.

Shokapu ikifa, tairi halikai chini muda wote. Linagusa, linaruka, linagusa tena. Na tairi lililo hewani halina breki wala usukani. Dereva atakanyaga na kukata kona, gari litamjibu kwa kuchelewa. Ukiongeza spesa juu ya ugonjwa huo, uzito wa gari umepanda juu, kwa hiyo kwenye kona linalala zaidi. Ukijaza watu saba, linalala zaidi tena. Sasa ng'ombe anavuka barabara ghafla usiku, jambo ambalo Hanang si ajabu hata kidogo. Dereva anakwepa kushoto, anarudisha kulia. Gari lenye shokapu nzima litayumba na kutulia. Lile lingine linaweza kupinduka hata kama mwendo haukuwa wa kutisha.

Kwamba gari la familia haliwezi barabara za kwetu ni uongo, na historia ya michezo ya Afrika Mashariki inasema hivyo. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye matope na vumbi hilihili. Mwaka 1966 na 1967 ilichukuliwa na Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, akiwa na Peugeot 404. Hilo lilikuwa gari la familia, la kupeleka watoto shule. Baadaye Shekhar Mehta akashinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, akiwa na Datsun Violet, nayo saluni ya milango minne. Yalikuwa magari yaliyoimarishwa, ndiyo, lakini mashindano yale hayakuwa ya nani ameinuka zaidi. Aliyeshinda ni yule ambaye springi, shokapu na chesisi yake vilivumilia pamoja mpaka mwisho.

Kwa hiyo mwenye gari mwenye pesa kidogo aanzie wapi? Aanzie kwenye matairi na upepo wake, kwa sababu hayo ndiyo pekee yanayogusa ardhi. Kisha bushi, boljointi na tairodi, maana vikiwa vimelegea hata shokapu mpya haitamsaidia. Kisha shokapu, na zibadilishwe mbili mbili, kushoto na kulia kwa pamoja. Ukiweka mpya upande mmoja na kuacha mzee upande wa pili, umechezesha beki mmoja aliye fiti na mwingine anayechechemea. Springi za nyuma zikiwa zimechoka, afadhali kuweka nyingine imara za saizi ya gari hilo kuliko kujaza vipande chini ya zile zilizokwisha. Mwisho ni alaimenti. Ukishamaliza hayo, kunyanyua kidogo kwa ajili ya lile tuta la katikati hakuna ubaya, mradi shokapu zilingane na kimo kipya. Anayenyanyua sana ajue kwamba zile jointi za ekseli zinazozungusha matairi ya mbele zinakaa upande, mpira wake unachanika, vumbi linaingia, na safari ya gereji inaanza upya.

Kupima nako hakuhitaji kompyuta. Gari likiwa limesimama, kandamiza kona moja kwa nguvu halafu achia. Likipanda na kutulia, shokapu bado ina uhai. Likicheza mara mbili tatu, imekwisha. Chungulia pia ndani ya tairi. Shokapu iliyolowa mafuta inavuja. Hata abiria anaweza kufanya hivyo kabla hajatoa nauli.

Watu watasema pesa iko wapi. Hoja hiyo ina uzito kwa mkulima anayesubiri kuuza mazao. Lakini magari hayohayo yanavaa rimu mpya, spika za kutetemesha vioo na stika ya klabu kioo kizima cha nyuma. Hapo suala ni usajili mbovu tu. Tena mafundi nao wasijifiche. Fundi anayemnyanyulia mtu gari bila hata kuangalia shokapu anajua anachokifanya, na neno "mteja ndiye aliyetaka" halitamsaidia siku gari likiwa mtaroni.

Matawi ya Simba na Yanga huku vijijini yana viongozi, yana michango, yana magrupu ya simu yanayojaa kelele wiki nzima kabla ya mechi. Yakiweza kupanga rangi ya jezi na nani anabeba ngoma, yanaweza pia kupanga kwamba gari la safari linakaguliwa siku mbili kabla, na kwamba gari la watu watano linabeba watano. Wale wawili waliobaki wachangishiwe nafasi kwenye Noah au basi. Hakuna kiongozi wa tawi atakayepigiwa makofi kwa hilo, lakini familia nyingi zitalala usingizi.

Pasi ya Chasambi iliigharimu Simba pointi mbili, na ligi iliendelea. Shokapu iliyokufa usiku, kwenye kona, na watu saba ndani, haina mechi ya marudiano.