Kompyuta Ndogo Sebuleni na Kazi ya Mwalimu

Tulipokwenda Kilindoni, kisiwani Mafia, kukagua mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wetu, tulikaribishwa chakula cha usiku nyumbani kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Sebuleni palikuwa na televisheni ya kawaida, na nyuma yake palifungwa kwa mpira wa baiskeli kijisanduku kisichozidi ukubwa wa pakiti ya sigara. Watoto wa nyumba ile na wa jirani waliketi mkekani wakitazama katuni ya hesabu kwa Kiswahili, Ubongo Kids, itengenezwayo Dar es Salaam tangu 2014. Mara mwenyeji wetu akaisimamisha picha kwa rimoti na kuuliza: "Haya, kabla hajajibu yeye, nani ataniambia jibu?" Mabishano yaliyozuka pale mkekani hatukuyasikia katika darasa lolote tulilolikagua wiki ile.

Sisi tulidhani kile kijisanduku ni king'amuzi. Kumbe ilikuwa kompyuta kamili. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini tunaamini kwamba chombo hicho chastahili kuingia katika somo la mbinu za kufundishia vyuoni mwetu, na kwa nini hatukubaliani na wenzetu wanaokiita mchezo.

Kompyuta ya aina hiyo, iitwayo Raspberry Pi, ilianza kuuzwa Uingereza mwezi Februari 2012. Walioibuni, watu wa Cambridge, waliona kwamba vijana waliokuwa wakija chuo kikuu kusomea kompyuta walikuwa hawajapata kuichokonoa hata moja. Basi wakatengeneza ubao mmoja wenye ukubwa wa kadi ya benki, usio na kioo wala kibodi, wa bei ya dola 35, ili mtoto auharibu bila ya wazazi kulia. Kumbukumbu yake ni kadi ndogo kama ile ya simu. Ukiuunganisha na televisheni kwa waya mmoja, na kuutia programu ya bure iitwayo Kodi, unakuwa ghala la nyumbani la picha na sauti: filamu, nyimbo, masomo na picha za arusi, vyote vimepangwa kwa majina na kuchaguliwa kwa rimoti. Hiyo Kodi nayo, kabla ya kupewa jina hilo 2014, ilianzia katika mashine ya michezo. Wanaodharau michezo walifikirie hilo kidogo.

Jambo linalotuvutia sisi ni kwamba ghala hilo halihitaji intaneti likishajazwa. Mwalimu yule hupakua mambo yake akienda Dar es Salaam wakati wa likizo, kisha huvuka nayo kwa boti kutoka Nyamisati, masomo ya muhula mzima yakiwa katika flashi isiyozidi kidole. Angeyatafuta kwa simu kisiwani, bando lingemwishia kwa jioni mbili. Umeme nao si tatizo kubwa, kwani kompyuta yenyewe hula wati chache tu, kiasi cha balbu ndogo. Mlaji hasa ni televisheni. Tena ile iliyotoka 2016 na zilizofuata zinaweza kutoa mawimbi yake zenyewe, hata jirani mwenye simu akaisoma Wikipedia ya Kiswahili iliyohifadhiwa humo kwa programu ya Kiwix, bila ya kulipa senti.

Hata hivyo, ndugu msomaji, tusingeandika makala kwa ajili ya chombo tu. Tumekwisha kuona vyombo vingi. Katika shule moja, ambayo hatutaitaja, tulioneshwa kompyuta zilizofunikwa vitambaa vya kufumwa na kufungiwa ofisini mwa mkuu wa shule. Ufunguo alikuwa nao mtu aliyesafiri. Hakuna aliyeona ajabu. Kompyuta zile zilihesabiwa kuwa mali ya shule, na mali hutunzwa. Ile ya mwalimu wa Kilindoni, yenye bei ndogo na iliyofungwa kwa mpira, ilikuwa ikifanya kazi kila jioni, na nadhari yetu ilivutwa zaidi na kile alichokuwa akikifanya mwenye kuishika rimoti.

Hapo yatupasa tukumbuke mambo ya 1973. Mwaka huo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio. Wengine husimulia kana kwamba redio ndiyo iliyowafundisha wale watu. Sivyo. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kilikuwa na kitabu. Wakisha kusikiliza matangazo, walisoma, wakajadiliana, kisha wakatoka wakachimba vyoo. Redio ilileta habari, na mazungumzo yaliyofuata ndiyo yaliyowafanya washike majembe.

Mwaka huohuo wa 1973 Zanzibar ilipata televisheni, na Bara ikangoja hadi 1994. Televisheni iliingia majumbani mwetu bila ya kiongozi wa kikundi. Iliwekwa, ikawashwa, na watu wakanyamaza. Tena haikungoja mtu: aliyekuwa jikoni kipindi kilimpita. Kwa hiyo tunasema kwamba kompyuta ndogo imemrudishia mwalimu kitu alichonyang'anywa na televisheni, yaani uwezo wa kuchagua, kusimamisha na kurudia. Mwanachuo afundishwe kuisimamisha picha mahali panapofaa na kuuliza swali lisilojibika kwa ndiyo au siyo. Ni ufundi mgumu kuliko unavyodhaniwa. Wanachuo watatu tuliowajaribu waliiacha picha iende mpaka mwisho, kisha wakauliza, "Mmeelewa?"

Walimu wa ufundi huo wapo, ila hatujazoea kuwaita walimu. Katika vibanda umiza, watu wanakolipa kiingilio kidogo kutazama filamu, wamekuwapo wasimulizi wanaoifasiri filamu ya kigeni kwa Kiswahili huku ikiendelea, wakieleza, wakitania, wakiwakumbusha watazamaji mhusika aliyepita. Lufufu wa Dar es Salaam alijulikana sana kwa kazi hiyo. Tunajua wapo watakaokasirika kuona kibanda umiza kikitajwa katika jarida la ualimu. Lakini msimulizi yule anajua jambo ambalo mwanachuo wetu hajalijua, nalo ni kwamba picha ya ugenini haimfikii mtazamaji mpaka apatikane mtu wa kuileta karibu kwa maneno ya nyumbani.

Dosari zipo. Umeme ukikatika ghafla wakati mashine inaandika, kadi yaweza kuharibika, na vyote vilivyomo vikapotea. Hapana budi kuwa na nakala ya pili. Hewa ya chumvi hula vyuma vya soketi. Tena si kila kinachoweza kunakiliwa ni halali kunakiliwa, maana tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na mwalimu anayejaza ghala lake kwa filamu za wizi hawezi kuwakemea wanafunzi wanaonakili mtihani.

Dosari iliyo kubwa kuliko hizo ni ghala lililojaa mambo ya watu wengine. Mtoto wa Mafia aweza kuuona simba na theluji usiku kucha, asimwone papa potwe anayekuja kila mwaka mbele ya Kilindoni, wala asijue kwamba bahari ya upande wa pili wa kisiwa chake ni hifadhi tangu 1995. Tulimweleza mwenyeji wetu wasiwasi huo. Hakujibu. Alifungua sehemu nyingine ya ghala, tukaona picha zilizopigwa kwa simu na wanafunzi wake: bibi akisuka mkeka, wavuvi wakigawana samaki, na mafundi wa Jibondo wakiunda jahazi ufukweni, huku mtoto mmoja akieleza kwa sauti nyembamba.

Mzee wa nyumba, baba yake mwalimu, ambaye usiku kucha alikuwa amelala kwenye kiti au akijifanya amelala, alifumbua macho mtoto alipotaja "mbavu za jahazi". Akasema: "Simamisha hapo. Hizo si mbavu, ni mataruma. Na ule mti wa chini wanaokaa juu yake, nao kasahau kuutaja." Mwalimu akaisimamisha picha, akampa binti yake daftari. "Babu, unaitwaje?" akauliza mtoto. "Mkuku," akajibu mzee, kisha akataka picha irudishwe mwanzo, kwa kuwa yako mengine yaliyosahauliwa.