VIPYA NA VYA ZAMANI: NENO KWA WAPENDA KAMERA



Leo nina neno kwa vijana wetu wa kamera. Wazazi na wazee wa kanisa, msipite, kwa sababu liko lenu pia ndani.

Nianze na wazee. Nimeulizwa zaidi ya mara moja, "Pasta, huyu kijana anamaliza Jumamosi nzima akipiga picha majani na ndege. Hiyo ni kazi ya mtu aliyeokoka?" Jibu langu ni ndiyo. Kitu cha kwanza Mungu alichokiumba kwa neno lake ni nuru, kisha akaitazama, akaona ni njema. Soma Mwanzo 1:3-4. Mpiga picha anafanya hilo la pili: anaitazama nuru na kuona kwamba ni njema. Na katika Kutoka 31 tunamwona Bezaleli akijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi za mikono, dhahabu na mawe na mbao. Kwa hiyo usimwambie mtoto kwamba furaha yake ni ya dunia. Furaha safi ni zawadi.

Sasa nigeuke kwa vijana, kwa sababu kuna ugonjwa umeingia katika furaha hii. Unaitwa tamaa ya vifaa.

Kijana ana kamera ya DSLR inayofanya kazi vizuri. Ana lenzi ile iliyokuja nayo. Lakini usiku anaangalia video za watu wanaosifu lenzi mpya, na asubuhi anaona picha zake zote ni takataka. Anachukua mkopo wa simu. Mwezi unaisha, anachukua mwingine kulipa ule wa kwanza. Mwishowe kamera yenyewe inauzwa ili deni lilipwe, na furaha imekwenda nayo. Nimezika ndoto nyingi za namna hii kuliko ninavyopenda kuhesabu.

Msimamo wangu ni huu, na nausema wazi: usikope kwa ajili ya lenzi ya kujifurahisha. Na sisi kama kanisa, tusiwachangishe akina mama mboga pesa za lenzi mpya kabla hatujajua tulicho nacho kwenye kabati. Yule mjane wa 2 Wafalme 4 alipolia kwa sababu ya deni, Elisha alimuuliza ana nini nyumbani. Kilichokuwa nyumbani kilikuwa kidogo, lakini hapo ndipo muujiza ulipoanzia.

Basi nakuuliza na wewe: nyumbani kuna nini?

Nyumba nyingi zina kamera ya zamani ya filamu. Ya baba, ya guka, ya mjomba aliyekuwa na studio mjini. Imelala sandukuni. Filamu zimekuwa shida kupata, lakini lenzi iliyo mbele yake mara nyingi ingali hai. Kioo kizuri hakizeeki kwa sababu tu kalenda imebadilika.

Sikilizeni mambo yenyewe. Nikon walianza kutumia namna yao ya kufungia lenzi kwenye kamera mwaka 1959, na DSLR zao zimeendelea na namna hiyohiyo. Lenzi nyingi za Nikon za miaka ya 1980 zinaingia kwenye DSLR hizo bila kifaa kingine. Zile za kabla ya 1977 ambazo hazijarekebishwa zinaweza kuumiza baadhi ya kamera, kwa hiyo muulize fundi kwanza. Canon walibadilisha mfumo wao mwaka 1987, na lenzi zao za kabla ya hapo hazikubali vizuri kwenye DSLR. Lakini lenzi za kukaza kwa kuzungusha kama kifuniko cha chupa, zinazoitwa M42, zinakaa kwenye DSLR za Canon kwa adapta nyembamba ya chuma isiyo na kioo ndani. Mojawapo ni Helios 44-2 ya milimita 58, iliyotengenezwa Muungano wa Kisovieti. Ukimpiga mtu picha akiwa na miti nyuma yake, majani yale huzunguka kama maji yaliyokorogwa. Ni lenzi ya mtumba, na watu bado wanaitafuta.

Ukishaifunga, utashangaa jinsi inavyokupunguza mwendo. Hakuna fokasi ya kujiendesha. Unazungusha pete kwa vidole vyako mpaka jicho la mtu linakuwa kali. Tundu la kupitisha mwanga unalifungua kwa mkono. Kwenye DSLR ndogo za Nikon hata kipima mwanga hakitasoma lenzi hizo: unapiga, unatazama skrini, unarekebisha, unapiga tena. Na kwa kuwa sensa ya DSLR nyingi za bei nafuu ni ndogo kuliko filamu ya zamani, lenzi ya milimita 50 inavuta kama ya milimita 75 au 80. Hiyo ni nzuri kwa uso wa mtu.

Hapo ndipo penye baraka. Huwezi kumpiga shosho picha kwa haraka ukiwa na lenzi hiyo. Itabidi ukae naye. Wewe ukihangaika na pete, yeye anakusimulia walivyotembea kwenda kanisa la kwanza la mabati. Anasahau kamera. Uso unalegea. Ndipo unapobonyeza. Picha hiyo haikutoka kwa bei ya lenzi, ilitoka kwa dakika ishirini ulizompa. Wangapi kati yetu wana picha mia tatu za chakula kwenye simu na hawana hata moja nzuri ya mzazi aliye hai?

Lakini nisieleweke vibaya, maana kuna wengine wamegeuza vya zamani kuwa sanamu. Wanadharau kila kipya. Huo nao ni upofu. Siku ya ubatizo, mtu anatoka majini mara moja. Bibi harusi haingii mlangoni mara ya pili ili wewe upate fokasi. Watoto wa Sunday school hawangoji mtu. Hapo chukua lenzi ya kisasa inayofuata macho yenyewe, na umshukuru Mungu kwa waliokesha wakiibuni. Pia lenzi nyingi za zamani hazina utando mzuri wa kuzuia mng'ao. Taa za jukwaani zikiipiga usoni, picha yote inafifia kama imemwagiwa maziwa. Kila chombo kina kazi yake.

Yesu alifundisha jambo hili katika Mathayo 13:52. Alimfananisha mwalimu wa ufalme na mwenye nyumba anayetoa katika hazina yake vitu vipya na vya zamani pia. Mwenye hekima ni yule anayejua saa ya kutoa kipi.

Na mkitaka ushahidi kwamba moyo unatangulia kifaa, mkumbukeni Mkenya mwenzetu Mohamed Amin. Picha alizopeleka kutoka Ethiopia mwaka 1984 ziliuamsha ulimwengu kuhusu njaa. Vifaa alivyobeba, kijana wa leo angevicheka. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko kule Addis Ababa, na bado alirudi kazini na mkono wa bandia. Yeye hakungoja hali iwe kamili. Wewe unangoja lenzi gani?

Neno moja la tahadhari. Ukiipata lenzi ya guka, iangalie kwenye mwanga. Kama kuna nyuzi kama utando wa buibui ndani, hiyo ni kuvu. Inapenda giza na unyevu, na ndugu zetu wa Mombasa wanaijua sana. Ikikaa miaka, inakula kioo. Kinga yake ni hewa, mwanga na matumizi. Wapendwa, kipawa kinachofungiwa nacho huota kuvu. Vivyo hivyo mzee aliyewekwa pembeni kanisani kwa sababu mtindo umebadilika. Kijana ana kamera mpya na nguvu, mzee ana lenzi iliyoona mengi. Tukiwaunganisha, kanisa litaona vizuri. Tukiwatenganisha, mmoja ana kasi bila kina, na mwingine ana kina kinachooza sandukuni.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujabonyeza "omba mkopo", fanya mambo matatu. Fungua sanduku la nyumbani na uulize kilichomo. Piga picha na ulicho nacho kwa mwezi mzima, bila kutazama bei ya kingine. Halafu mpige picha mzee mmoja, umpelekee ikiwa imechapishwa, si kwenye simu. Ukiona bado unahitaji lenzi mpya, weka akiba kidogo kidogo na uinunue ukiwa huna deni. Hapo utaifurahia, na hakuna simu itakayolia usiku ikikudai.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa nuru na kwa macho ya kuiona. Waponye vijana wetu na tamaa inayowaingiza kwenye madeni. Tufundishe kutumia kilicho mkononi mwetu, na utuunganishe, wazee kwa vijana. Kwa jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA, kisha mtumie kijana mmoja mwenye kamera. Na kama una lenzi ya zamani nyumbani isiyotumika, ilete Jumapili. Kuna kijana anaihitaji.

Mbarikiwe.