“Sijui” ya mtoto mwenye usonji si ukaidi

Mama mmoja alinifuata baada ya semina ya wazazi. Mwanawe wa miaka 15, mwenye usonji, alikuwa akilalamika tumbo kila asubuhi ya shule. Vipimo vya hospitali havikuonyesha kitu, wakaelekezwa kwa mshauri nasaha.

Kikao cha kwanza mshauri alimwambia, “Fungua moyo wako, mwanangu.” Kijana akashika kifua, akanyamaza. “Unajisikiaje?” Akajibu, “Sijui.” Akaambiwa amtazame mshauri usoni, akainama zaidi. Baada ya vikao vitatu mama akaambiwa mtoto ni mkaidi, hataki kusaidiwa.

“Nilimchapa asubuhi mbili ili aende shule,” mama alinieleza. “Hilo bado linaniuma.”

Mzazi mwenzangu, kijana yule hakuwa mkaidi. Watu wengi wenye usonji huyachukua maneno kama yalivyo. Ukimwambia afungue moyo, anawaza moyo unaodunda kifuani. Wengi pia hupata shida kuzitaja hisia zao, hata pale hofu inapowatesa. Ile “sijui” ilikuwa jibu la kweli. Na kumtazama mtu usoni kunaweza kumchosha hadi ashindwe kusikiliza.

Wasiwasi na sonona huwapata sana watu wenye usonji. Tiba ya mazungumzo inaweza kuwasaidia, ila irekebishwe iwafae. Uingereza, miongozo ya tiba ya taasisi ya NICE inahimiza lugha ya wazi, maandishi na picha, mapumziko katikati ya kikao, kutumia mambo anayoyapenda mtoto, na kumshirikisha mzazi. Hayo hayahitaji mashine wala fedha nyingi.

Anzia kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe. Kabla ya kumkabidhi mtoto, muulize mtaalamu:

• Umewahi kufanya kazi na watu wenye usonji? Vikao vyao unaviendeshaje?

• Je, mwanangu anaweza kuandika au kuchora badala ya kuongea?

• Tunaweza kuona chumba mapema, na kupunguza kelele au mwanga ukimsumbua?

• Utajuaje kwamba anapata nafuu?

Sikiliza vizuri jibu la swali la mwisho. Akisema hofu itapungua, atalala na kula vizuri, huyo anafaa kujaribiwa. Akikuahidi kumponya usonji, aga uondoke. Usonji si ugonjwa. Tunachotibu ni hofu.

Kisha muulize mtoto mwenyewe kama anataka kurudi. Hata kwa kidole gumba, juu au chini.

Yule mama alipata mtaalamu mwingine. Kijana anapenda sana njia za daladala, basi wakachora njia yenye vituo kumi: cha kwanza ametulia, cha kumi hofu imemzidi. Siku hiyo hakuulizwa anajisikiaje. Aliulizwa yupo kituo gani akiwa darasani, akiwa mstarini, kengele ikilia. Kwenye kengele akaweka kidole kituo cha tisa. Ilikuwa kengele mpya, imefungwa juu ya dirisha la darasa lake.

Mama alizungumza na mwalimu mkuu, kijana akahamishiwa chumba cha mbali na kengele. Tumbo bado humuuma siku nyingine. Lakini sasa, kabla ya kutoka nyumbani, mama humuuliza, “Baba, leo tupo kituo gani?” Naye hujibu.