Daktari Anaposema Hana Dawa

Katika zama hizi ambapo kila mwenye fani hutakiwa abaki katika fani yake, wako watu wanaostaajabu wanapowasikia madaktari na wauguzi wakizungumzia mabomu ya nyuklia na joto la dunia. Husema: kazi ya daktari ni kupima na kutibu, mabomu awaachie majemadari, na hali ya hewa awaachie watabiri wake. Kauli hii tumeisikia hata katika baraza za misikiti yetu baada ya sala, tena husemwa na watu wema wasiokusudia ubaya. Sisi tunaiona kuwa ni kauli ya makosa, na yenye hatari ndani yake, nasi tunawaomba ndugu wasomaji watuvumilie tuieleze sababu.

Bomu lililotupwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 liliua watu wapatao 140,000 kufikia mwisho wa mwaka ule. Idadi hii wengi wameisikia. Lisilosemwa sana ni kwamba zaidi ya asilimia 90 ya madaktari na wauguzi wa mji ule waliuawa au kujeruhiwa siku ile ile. Wachache waliosalia waliwahudumia maelfu huku wao wenyewe wakivuja damu, bila dawa, bila bandeji, bila maji safi. Zaidi ya hayo, hawakuujua ugonjwa uliokuwa mbele yao. Watu wasio na jeraha lolote la kuonekana walianza kunyonyoka nywele, kutapika na kutokwa damu katika fizi, kisha wakafa baada ya majuma kadhaa. Daktari Marcel Junod, Mswisi aliyetumwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, aliingia Hiroshima na shehena ya dawa mwezi Septemba, na kufikia hapo mwezi mzima ulikuwa umepita. Nalo bomu lile, kwa vipimo vya leo, lilikuwa dogo.

Msomaji wa Tanzania anao mfano wa karibu wa kumsaidia kufahamu. Mwezi Agosti 2019, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, lori moja la mafuta ya petroli lilipinduka na kulipuka Morogoro. Makumi ya watu walikufa papo hapo, na makumi wengine walikufa siku na majuma yaliyofuata, wengi wao katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, mpaka idadi ikapita 100. Nchi nzima ilitikisika kwa ajili ya lori moja, na hospitali zilikuwa zimesimama, barabara ziko wazi, madaktari wako hai na damu ya kuongezewa wagonjwa inaweza kuchangwa. Sasa mtu na ajiulize hali ingekuwaje kama walioungua ni laki moja, na hospitali yenyewe ni miongoni mwa vilivyoungua.

Shirika la Afya Duniani liliwahi kuwakusanya wataalamu walichunguze jambo hili, na taarifa yao ikatolewa mwaka 1984 na tena mwaka 1987. Walifikia uamuzi kwamba hakuna huduma ya afya katika nchi yoyote duniani inayoweza kukabiliana na vita vya nyuklia, na kwamba njia iliyobaki ni kuvizuia. Daktari anaposema maneno hayo hajatoka nje ya fani yake hata hatua moja. Ugonjwa usio na tiba hukingwa, kama tunavyochanja watoto wetu dhidi ya polio, wala hatujapata kumsikia mtu akimlaumu muuguzi wa chanjo kwamba ameingia siasa.

Walioifahamu hoja hii mapema walikuwa mabingwa wawili wa maradhi ya moyo. Mmoja ni Bernard Lown wa Marekani, aliyebuni namna ya kuurudisha moyo katika mapigo yake kwa mshtuko wa umeme. Wa pili ni Yevgeny Chazov wa Urusi ya Kisovieti, tabibu wa wakuu wa Kremlin. Mwaka 1980, serikali zao zikiwa zimeelekezeana maelfu ya makombora, wao wawili pamoja na wenzao waliunda chama cha madaktari wa mataifa yote cha kuzuia vita vya nyuklia, kinachojulikana kwa herufi IPPNW. Miaka mitano baadaye chama hicho kilipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Walipokuwa Oslo wakizungumza na waandishi wa habari, mwandishi mmoja wa Kisovieti alianguka, moyo wake umesimama. Mmarekani na Mrusi walipiga magoti pamoja sakafuni wakaanza kumhudumia, naye akanusurika. Waliokuwa wamekuja kuwashambulia kwa maswali ya kisiasa walikuwa wamejibiwa vizuri kuliko hotuba yoyote.

Yapo pia mambo yaliyofanywa kwa subira na bila makeke. Mwaka 1958, katika mji wa St. Louis huko Marekani, daktari Louise Reiss na wenzake walianza kukusanya meno ya utoto yaliyong'oka. Dola kubwa zilikuwa zikilipua mabomu ya majaribio angani, na wakubwa wakiwatuliza watu kwamba hakuna madhara. Lakini vumbi la mionzi lilishuka na mvua juu ya majani, ng'ombe akala majani, mtoto akanywa maziwa, na ndani ya maziwa hayo mlikuwa na sumu iitwayo strontiamu, ambayo mwili huidhania kuwa ni chokaa ya kujengea mifupa na meno. Meno takriban 300,000 yalikusanywa kwa miaka mingi, na vipimo vilionyesha sumu hiyo ikizidi kwa kadiri majaribio yalivyozidi. Ushahidi wa namna hii uliwaamsha wazazi, na mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Urusi ya Kisovieti zilitia sahihi mkataba wa kuacha kulipua mabomu angani. Jino la mtoto lilishuhudia yale ambayo majemadari waliyaficha.

Wako watakaosema hayo ni ya Wazungu na Wajapani. Je, wanajua kwamba sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mpango wa kutengeneza mabomu ya kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na mikono ya Wakongo ambao hakuna aliyewaambia wanachimba nini? Na wanajua kwamba Ufaransa ililipua mabomu 17 katika jangwa la Algeria kati ya mwaka 1960 na 1966, manne juu ya ardhi huko Reggane na mengine ndani ya milima ya Hoggar, katika nchi ya Waislamu ambao hawakuulizwa? Wasovieti nao walifanya majaribio zaidi ya 400 Semipalatinsk, Kazakhstan, mpaka wananchi wenyewe wakaandamana na uwanja ule ukafungwa mwaka 1991. Kila mara wakubwa walichagua kuyafanya mambo haya mbali na nyumba zao na karibu na nyumba za wengine.

Hapa hatuna budi kusema neno ambalo baadhi ya ndugu zetu hawatalipenda. Mwezi Mei 1998, India ilipolipua mabomu yake na Pakistani ikajibu kwa ya kwake, wako Waislamu waliotoka mitaani kushangilia kwamba sasa nasi tunalo. Tunafahamu uchungu uliowafanya washangilie. Lakini kila mtoto wa madrasa amefundishwa kwamba hata vitani haijuzu kumuua mwanamke, mtoto, mzee wala mtawa aliye katika ibada yake, wala kukata miti yenye matunda bila sababu. Silaha ambayo haiwezi kutofautisha mtoto na askari, na inayoua hata mche utakaoota mwakani, itaitwaje ya Kiislamu? Madaktari wa Pakistani na wa India waliliona hilo. Vyama vyao vya madaktari wa amani, kila kimoja katika nchi yake, vimo ndani ya IPPNW, na wanachama wake wamekuwa wakizipinga silaha hizi mbele ya watu wao wenyewe. Kwetu sisi huo ni ujasiri mkubwa kuliko wa kurusha kombora.

Madaktari hao hao wakaunganisha jambo la mabomu na la hali ya hewa, nako hawakukosea. Wanasayansi wamekadiria kwamba vita vya nyuklia vyenye mabomu 250 tu, kati ya maelfu yaliyopo, vinaweza kuua watu milioni 120 moja kwa moja. Kisha moshi wa miji inayoungua utapanda juu mno, uzuie jua, mavuno yakauke, na watu bilioni 2 waingie katika hatari ya njaa. Mkulima wa Singida asiye na ugomvi na mtu atakosa mtama kwa vita vilivyopiganwa Asia. Hesabu hizi zilichapishwa Agosti 2023 katika tahariri moja iliyotolewa kwa pamoja na majarida ya utabibu zaidi ya 100.

Majarida hayo yalikwishafanya hivyo kuhusu joto la dunia. Septemba 2021 zaidi ya 200 yalitoa tahariri moja ya kuzitaka serikali zichukue hatua, na miongoni mwa waandishi wake alikuwa Profesa Lukoye Atwoli wa Kenya, mhariri mkuu wa jarida la utabibu la Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata wahariri wa Kiafrika waliongoza wito mwingine kabla ya mkutano wa tabianchi wa Misri, wakisema kwamba bara lililochafua hewa kidogo kabisa ndilo linaloumia zaidi, na kwamba mwenye kusababisha alipe. Katika mkutano huo mataifa yalikubali kuunda mfuko wa hasara na uharibifu. Bado fedha zinazotiwa humo ni haba, lakini kabla yake mlango wenyewe ulikuwa umefungwa.

Madaktari hawa wanasema yale wanayoyaona wodini. Mafuriko yakipita hufuata kipindupindu. Mbu wa malaria anapanda vilima ambavyo baridi ilikuwa ikimzuia. Katika Pembe ya Afrika misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo tangu mwisho wa 2020, na watoto waliofikishwa vituoni na utapiamlo walihesabiwa na wauguzi, hawakuhesabiwa na mawaziri. Daktari aliyemtibu mtoto wa kuhara mara nne, kisha akamrudisha kwenye kisima kile kile, ana haki ya kuuliza juu ya kisima.

Ni kweli kwamba si kila jambo limefanikiwa. Mabomu yalikuwa yapata 70,000 mwaka 1986, na leo ni kama 12,000, idadi inayotosha kutumaliza sote. Ronald McCoy, daktari wa uzazi wa Malaysia, ndiye aliyependekeza mwaka 2005 kampeni mpya ya kuzifuta silaha hizi, ambayo ilizaa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuzipiga marufuku, ulioanza kutumika Januari 2021. Dola zenye mabomu zimekataa kuutia sahihi. Komoro imeuridhia, na Kongo pia. Mwezi Mei 2025 Baraza Kuu la Afya Duniani liliamua uchunguzi ule wa miaka ya 1980 ufanywe upya, licha ya upinzani wa baadhi ya dola hizo. Aprili 2023 madaktari wa IPPNW walikutana Mombasa, katika mwambao wetu, na tunasikitika kwamba ni misikiti michache sana iliyopata habari.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za misikiti jambo moja. Katika kila jamaa wamo waumini ambao ni madaktari, matabibu, wauguzi na wakunga. Wapeni nafasi baada ya sala ya Ijumaa, angalau mara moja kabla mwaka haujaisha, wawaeleze watu wanayoyaona. Na mbunge anapokuja kuomba kura, aulizwe mbele ya watu: nchi yetu imeuridhia mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia, na kama bado, yeye binafsi amefanya nini? Nusu saa inatosha, na kipaza sauti kipo.